Kuandika talaka bila kuendeleza kesi: mwongozo kwa mwanamke mwenye kaunta buku na mambo moyoni

Rasimu yangu ya kwanza niliisoma sebuleni Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, mbele ya wanawake wanne waliojitanda vitenge juu ya masweta, jiko la mkaa likiwa katikati. Nilipofika ukurasa wa tatu, mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa akimenya viazi huku akisikiliza akanikatiza. "Mwanangu," akasema, "haya si ulishayasema barazani? Mbona unatusomea tena?"

Niliona aibu, kisha hasira. Usiku nilipoirudia ile rasimu nikaona alisema kweli. Kulikuwa na tarehe, matusi neno kwa neno, mashahidi wawili, na hesabu ya bati nilizonunua kwa fedha ya viazi. Ilikuwa kesi iliyopangwa vizuri sana.

Baraza la usuluhishi wa ndoa huuliza nani kakosa. Msomaji hakujui wewe wala mtalaka wako, na hana hukumu ya kukupa. Anataka aingie kwenye ile nyumba, avute stuli, akae, aone mlivyokuwa mkiishi. Hapa chini nimeandika njia niliyopitia mimi na wenzangu kutoka kwenye swali la baraza hadi kwenye stuli hiyo. Inafaa kwa anayeandika maisha yake mwenyewe na kwa anayetunga hadithi.

Kwanza, daftari litakaa wapi

Jambo hili ni dogo, lakini limewakwamisha wengi. Kama unaishi na wazazi baada ya kurudi nyumbani, au una watoto wanaojua kusoma, hutaandika ukweli kwenye daftari linalolala juu ya meza. Nunua kaunta buku, ulifunike kwa gazeti kama la shule, uliandike "Mahesabu ya kikoba", uliweke chini ya vitenge. Ukiandika kwenye simu, weka namba ya siri, na usimtumie mtu yeyote rasimu kwa WhatsApp. Mimi nilimtumia rafiki mmoja kurasa mbili, nikamwomba asome afute. Siku tatu baadaye shangazi yangu alinipigia kutoka Makambako kuuliza kwa nini ninaianika familia.

Saa ya kuandika nayo itafute mapema. Kwangu ni alfajiri, kabla ya kuwasha moto. Nusu saa tu, mara nne kwa wiki. Kwa mwendo huo utakuwa na kurasa 60 za mkono kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, ukianza baridi inapoingia.

Maisha yako, au hadithi?

Swali hili watu hulikimbilia siku ya kwanza. Mimi nashauri uliache mpaka ujaze kurasa 20 au 30 za mambo jinsi unavyoyakumbuka. Baada ya hapo daftari lenyewe litakuonyesha. Ukijikuta unataka kuingia kichwani mwa mama mkwe, ujue alifikiri nini alipokuona unafunga mizigo, unahitaji hadithi, kwa sababu mle kichwani hukuwahi kufika. Ukijikuta kila unapobadilisha kitu unasikia unadanganya, andika kumbukumbu, na ukae na ukweli hata pale unapokuumbua.

Kuchanganya kunawezekana, lakini msomaji asidanganywe. Ukiandika kwenye jalada kwamba haya ni maisha yako, usibuni kofi ambalo hukupigwa.

Ukikwama kabisa, andika barua. Mariama Bâ wa Senegal aliijenga riwaya yake ya mwaka 1979 yote kama barua moja ndefu. Ramatoulaye, mjane aliye kwenye eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Wote wawili waume zao walioa mke wa pili. Aissatou aliondoka, Ramatoulaye akabaki kwenye ndoa, na kwa sababu anayeandikiwa anayajua mengi tayari, mwandishi hahitaji kujitetea. Jaribu hivyo: chagua mwanamke mmoja ambaye hutahitaji kumshawishi, umwandikie yeye. Salamu utazifuta baadaye.

Sikiliza vitenzi vyako

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi.

Kiswahili kina tabia yake kwenye ndoa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamume anaacha, mwanamke anaachwa. Halafu kuna neno linalouma kuliko yote mawili: *kuachika*. Limekaa kwenye safu moja na kupasuka, kumwagika, kukatika. Kikombe kimepasuka, uji umemwagika, fulani ameachika. Aliyefanya haonekani, kinachoonekana ni hali ya kitu kilichobaki. Na tukitaka kuwa wapole tunasema "ndoa ilivunjika", kana kwamba ilikuwa kabatini ikadondoka yenyewe usiku.

Chukua penseli, upitie ukurasa mmoja wa rasimu yako. Zungushia kila kitenzi kinachokuhusu wewe kinachoishia na *-wa* au *-ka* ya namna hiyo. Mimi ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na kumi na saba: niliolewa, niliambiwa, nililetwa Ilomba, nilipewa ufunguo, nilikatazwa, niliachwa. Mwanamke yule alikuwa gunia la mpunga kutoka Kyela, anapakiwa na kupakuliwa.

Sasa kwa kila duara jiulize: nani alifanya? Nami nilifanya nini dakika ileile? "Niliachwa mwezi wa tano" nilikuja kuiandika hivi: "Mwezi wa tano alisema anakwenda Tunduma kwa siku mbili. Nilimpigia pasi mashati manne." Mashati manne kwa siku mbili. Sikuhitaji kueleza kwamba nilijua.

Wapo watakaokuambia ufute kila *-wa* ili mwanamke wako awe jasiri. Mimi sikubaliani nao. Kuna mahali kutendwa ndiyo kweli yenyewe. Siku wazee walipokaa kujadili mahari irudi au isirudi, wanaume walikuwa sebuleni, mimi jikoni nikichochea chai yao. Sentensi ya siku hiyo ni "Ilikubaliwa ng'ombe wawili wasidaiwe." Ilikubaliwa na nani, sikuona, nilisikia viti tu vikisogezwa. Ukiiandika kwa kutaja kila msemaji utakuwa umejiweka kwenye chumba ambacho hukuruhusiwa kuingia. Acha kitenzi kifungwe mlango kama ulivyofungiwa wewe.

Kusanya vitu

Kabla ya sura yoyote, tengeneza orodha ya vitu 30 vilivyokuwa kwenye ile nyumba: hotpoti lililopoteza kifuniko, kalenda ya duka la pembejeo, ndoo ya kukingia maji chini ya bati linalovuja, chanja la vyombo. Kando ya kila kimoja andika nani alikileta na kiko wapi leo. Nusu ya kitabu chako imo kwenye safu hiyo ya mwisho.

Kusanya na karatasi: cheti cha ndoa, barua ya wito, fomu ya baraza, nakala ya hukumu. Usizinukuu kwa kurasa. Zitazame kwa ajili ya tarehe, na kwa namna lugha ya ofisi inavyokuita. Kwenye moja ya karatasi zangu mimi ni "mdai". Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Wangari Maathai wa Kenya aliyasimulia haya kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2006. Ndoa yake ilivunjwa mahakamani mwaka 1979, na baada ya kumsema vibaya jaji kwenye mahojiano na jarida alifungwa kwa kuidharau mahakama. Kisha aliyekuwa mumewe akataka aache kutumia jina lake, Mathai. Wangari akaongeza herufi moja, *a*, likawa Maathai. Mtu mwingine angejaza sura nzima kwa hotuba ya hasira, na ile *a* moja ingetosha kuizima yote. Tafuta *a* yako kwenye orodha ya vitu 30. Huwa haiko kwenye vile vya bei kubwa.

Andika siku moja, siyo miaka tisa

Wengi huanza "Tulioana mwaka fulani" na kutembea mwaka kwa mwaka mpaka wanachoka. Chagua siku moja ambayo ukiifikiria mikono inakumbuka. Mimi nilichagua siku ya kugawana vyombo. Kwanza nilikuwa nimeandika:

*Siku ile ilikuwa ya uchungu mno. Moyo wangu ulivunjika vipande vipande nilipoona jasho langu la miaka mingi likichukuliwa bila huruma.*

Hakuna anayeona kitu hapo. Baada ya miezi miwili ikawa:

*Kitanda kilitengenezewa mlemle chumbani, kwa sababu mwaka ule mvua haikukatika na fundi hakuwa na banda. Kwa hiyo kaka yangu na shemeji walipokibeba kilikataa kupita mlangoni. Wakakilaza ubavu. Wakakisimamisha. Shemeji akasema, "Dada, kilipitaje kuingia?" nami nikasema hakikuingia. Wote watatu tukasimama tukikitazama. Pale kilipokuwa, sakafu ilikuwa bado nyekundu, inang'aa kama siku tuliyohamia, na pembeni kulikuwa na alama nne za miguu.*

Sijataja uchungu. Shemeji ananiita dada, kwa sababu ndivyo alivyoniita miaka yote na hakujua aniite nini kingine siku hiyo. Hayo ndiyo ya kutafuta.

Utaratibu wa kuandika tukio ni mfupi. Kuna mahali, kuna kazi ambayo mikono inaifanya, kuna mtu anayetaka kitu kidogo na hakipati. Andika yanayoonekana kwanza, ya moyoni ongeza mwisho, na ukiweza usiongeze.

Mpe mume kitu kizuri

Najua. Lakini msomaji atajiuliza uliolewa na shetani kwa nini, na kama jibu halimo ataanza kukushuku wewe. Tafuta mambo matatu aliyoyafanya vizuri, uyaandike bila "lakini" mwishoni. Wangu alikuwa akitembea na mimi usiku kutoka Kabwe kwa miguu huku akinihesabia madaraja. Sentensi hiyo ilinichukua wiki tatu, na ndiyo inayofanya sura ya kuondoka iume.

Ikiwa ulipigwa, hulazimiki kusawazisha mizani. Andika kipigo kwa sentensi fupi, mara moja, usikipambe. Na kama kukiandika kunakuondolea usingizi, simama, zungumza na mtu unayemwamini. Sura itakusubiri.

Jinsi watu wanavyosema kweli

Wazee wa huku hawasemi "achana naye". Wanasema "rudi ukajaribu", wanasema "hata mimi na baba yako". Mama yangu aliposikia, aliuliza kwanza kama watoto wamekula. Ukiweka maneno ya tamthilia za televisheni mdomoni mwa mama wa Njombe, msomaji wa Njombe atafunga kitabu.

Lugha nazo hubadilika katikati ya mazungumzo. Nyumbani kwetu salamu na huruma huja kwa Kinyakyusa, karipio kwa Kiswahili. Kwa rafiki yangu Mhehe ni kinyume: wakianza kwa *kamwene* taratibu sana, ujue kuna jambo zito linakuja. Sikiliza kwenu ikoje. Neno la lugha ya nyumbani liache kama lilivyo, na tendo linalolifuata ndilo litakalolifasiri.

Angalia pia majina. Talaka inaondoa "mke wa fulani", lakini Mama Fulani anabaki Mama Fulani. Gengeni bado wanakuita kwa jina la mtoto uliyezaa naye, na huenda jina hilo alilichagua mama mkwe. Hakuna haja ya kulieleza jambo hilo. Mfanye muuza nyanya aite tu.

Sheria ikae sawa

Hata kwenye hadithi ya kubuni, kosa la sheria hutoboa. Nimesoma hadithi ambamo mume anaandika talaka kwenye karatasi asubuhi na mahakama inagawa nyumba jioni. Mambo ya msingi ya Tanzania Bara yako kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Shauri la talaka kwa kawaida halifunguliwi mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini, na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kwamba ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Wapo wengi walioishi pamoja bila kwenda bomani wala kanisani, labda mwanamume alimtorosha binti, wakalipa faini kwao. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa waliokaa miaka 2 au zaidi wakaonekana ni mume na mke. Mhusika wako anaweza kugundua barazani, mbele ya watu, kwamba hana cheti cha kuvunja. Hilo peke yake ni hadithi fupi.

Kuhusu mali, kila mwanamke anayeandika jambo hili ajue shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango unaohesabika kwenye mali ya ndoa. Tangu hapo limetumika kwa wanawake wengi ambao hawana risiti. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu ilionekana mumewe aliwahi kumpa fedha za mtaji akazitumia vibaya. Alishinda hoja, akatoka mikono mitupu. Ningekuwa mtunzi wa riwaya ningeanzia pale anaposhuka ngazi za mahakama.

Kanisani nako pana mambo yake. Kutengwa na meza ya Bwana ni tukio, lina benchi lake na Jumapili yake. Andika ulikaa wapi siku ile wenzako waliposimama.

Kuwaficha watu

Kubadilisha jina hakutoshi. Nora Ephron wa Marekani alitoa riwaya mwaka 1983 kuhusu mke mjamzito anayegundua mume ana mwingine. Majina yote aliyabadilisha, akajaza na mapishi katikati ya sura, na bado kila mtu alijua ni yeye na mumewe, mwandishi wa habari Carl Bernstein. Yeye aliishi New York na Washington. Wewe unaishi Mafinga, ambako gari la mtu linajulikana kwa muungurumo.

Badilisha vitu vitatu kwa pamoja: kazi, mji, na idadi au jinsia ya watoto. Mwalimu wa Mafinga awe dereva wa malori Vwawa. Usimgeuze kuwa kile ambacho kila mtu atabashiri. Na kumbuka lile la majina: ukibadilisha jina la mtoto umebadilisha na la mama, kwa hiyo pitia rasimu nzima, maana Mama Fulani wa zamani hupenda kubaki kwenye sura ya saba.

Kwa anayeandika kumbukumbu, jina la kubuni halikukingi dhidi ya madai ya kashfa iwapo watu wanamtambua. Ukiandika kwamba mtu aliiba, uwe na cha kuonyesha. Ukiandika ulichoona na kusikia wewe, bila kumpa cheo cha mwizi, mara nyingi inatosha na inasomeka vizuri zaidi. Kama kitabu kinakwenda kuchapwa, lipa mwanasheria akisome. Ni nafuu kuliko kukichoma.

Watoto ni habari nyingine. Hawakuomba kuwa wahusika. Majina yao, shule zao, maradhi yao, kukojoa kitandani baada ya baba kuondoka, vyote viache nje, au uvitie kwenye mtoto wa kubuni asiyefanana nao. Walio wakubwa wasomee wenyewe sehemu zinazowagusa. Binti yangu alikata aya moja. Ilikuwa aya nzuri sana, na haimo.

Kusoma kwa sauti, na ya uchapaji kwa ufupi

Tafuta wasikilizaji watatu au wanne ambao si ndugu. Wape kazi ya mikono, kuchambua mchele, kufuma, kumenya, kwa sababu mtu anayekutazama usoni atakuhurumia, na huruma haihariri rasimu. Usiulize kama ni nzuri. Angalia mikono inasimama wapi. Pale inaposimama, usiguse. Pale inapoongeza kasi, kata.

Ukimaliza: hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, ila kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunasaidia siku ya ugomvi. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukichapa kwa fedha yako, anza na nakala chache, uone zinavyokwenda. Kama una mswada kamili wa riwaya, ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti yao ya mwaka husika.

Rasimu ya nne niliisomea tena Uyole. Mama wa Tukuyu alikuwepo, na beseni lake. Nilisoma siku ya vyombo nikaishia pale tuliposimama watatu. Kisu kilikuwa kimetulia juu ya kiazi. "Sasa hicho kitanda mlikitoaje?" akauliza.

Nikamwambia shemeji alikwenda kuazima msumeno kwa jirani.

"Akakata miguu?"

"Akakata miguu."

Akatikisa kichwa, akachukua kiazi kingine. "Hilo hukulisoma," akasema. "Liandike."